Kura Moja ya Lamu: Barua ya Wazi kwa Spika wa Bunge la Taifa na Spika wa Seneti

Kwa Mheshimiwa Moses Wetang'ula, Spika wa Bunge la Taifa,
na Mheshimiwa Amason Kingi, Spika wa Seneti,
Majengo ya Bunge, Nairobi.

Waheshimiwa Maspika,

Nawaandikia kutoka Faza, katika kisiwa cha Pate, Kaunti ya Lamu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia na uraia, na kwa miaka mingi nilisimama mbele ya watoto wa wavuvi nikiwachorea ubaoni masanduku mawili, moja kubwa na moja dogo, nikiwaambia kwamba lile kubwa ni Bunge la Taifa na lile dogo ni Seneti. Kila mwaka hakukosekana mwanafunzi wa kuuliza swali lile lile: mwalimu, kwa nini sisi tulio wachache tunaambiwa tutumainie sanduku dogo? Jibu nililokuwa nikimpa lilikuwa sahihi kwa mujibu wa Katiba. Hata hivyo, kila nikiyatazama yanayopita kati ya nyumba zenu mbili, naona nilimwahidi mtoto yule zaidi ya alichokuja kukipata, na ndiyo sababu nimewaandikia nyinyi wawili barua moja.

Ninalotaka kusema ni hili: Katiba ya 2010 iliipa kaunti ndogo kura yenye uzito sawa na kaunti kubwa ndani ya Seneti, kisha ikauweka ufunguo wa kura hiyo mikononi mwenu nyote wawili. Mnaposhindwa kukubaliana, au mnapochelewa, kura yetu hubaki imeandikwa tu bila ya kutufaa.

Naomba nianze na hesabu. Bunge la Taifa lina wabunge 290 wa maeneo bunge, wawakilishi wa wanawake 47 na wabunge wateule 12, yaani 349, na Spika juu yao. Lamu ina maeneo bunge mawili, Lamu Mashariki na Lamu Magharibi, na ukimwongeza mwakilishi wa wanawake tunapata sauti tatu. Nairobi ina kumi na nane. Sidai kwamba tumepunjwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika Lamu, wachache kuliko kaunti nyingine yoyote, na watu 4,397,073 katika Nairobi; mwenye kupima kwa vichwa atasema kwamba hata hao watatu wetu ni wengi, na hatakuwa amekosea. Bunge la Taifa liliundwa lipime kwa vichwa, na ni haki liwe hivyo.

Lakini bahari haipimwi kwa vichwa. Boti inayomchukua mgonjwa kutoka Kizingitini kwenda Amu, yaani mji wa Lamu, hula mafuta yale yale, awe mgonjwa mmoja au watano. Kijiji cha watu mia chache huko Kiunga kinahitaji mkunga, gati na jokofu la chanjo kama kinavyohitaji mtaa wa watu elfu kumi, na gharama yake kwa kila mtu ni kubwa zaidi, kwa sababu kila mfuko wa saruji hufika kwa maji. Haja za namna hii hazionekani panapohesabiwa watu peke yao. Huonekana panapohesabiwa mahali, na nyumba inayohesabu mahali ni Seneti. Ina maseneta 47 waliochaguliwa, mmoja kwa kila kaunti, na wateule 20, wakiwemo wanawake 16, vijana wawili na watu wawili wenye ulemavu. Mswada unaohusu kaunti unapofika kwenye kura, Kifungu cha 123 kinasema kila ujumbe wa kaunti una kura moja, na huipiga seneta aliyechaguliwa baada ya kushauriana na wenzake. Hapo Lamu na Nairobi husimama bega kwa bega. Ni mahali pachache katika Jamhuri hii ambapo jambo hilo hutokea.

Watu wengi, na hata baadhi ya waheshimiwa, huiita Seneti bunge la juu na Bunge la Taifa bunge la chini. Katika Katiba yetu majina hayo hayamo, na nadhani yametuletea madhara, kwa sababu yamewafanya wanasiasa washindane kwa heshima badala ya kugawana kazi. Ukisoma Kifungu cha 95 na cha 96 unakuta nyumba mbili zenye kazi tofauti. Bunge la Taifa ndilo linaloidhinisha matumizi ya serikali kuu, ndilo linalowapiga msasa mawaziri, na ndilo peke yake linaloweza kuanzisha na kupitisha mswada wa fedha. Tuliliona hilo Juni 25, 2024, Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulipopitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106 huku nchi nzima ikiwa barabarani, na Rais akakataa kuutia saini siku iliyofuata. Katika yote hayo Seneti haikuwa na kura hata moja. Nayo Seneti hulinda maslahi ya kaunti na serikali zake, huamua namna mapato yatakavyogawanywa baina ya kaunti, hufuatilia matumizi ya fedha hizo, na huwa kama mahakama pale rais, naibu wake au gavana anapotakiwa kuondolewa. Oktoba 2024 nyumba zote mbili zilionekana kazini kwa jambo moja: Bunge la Taifa lilipitisha hoja ya kumwondoa Naibu wa Rais kwa kura 281 tarehe 8, kisha Seneti ikakaa siku mbili kuwasikiliza mawakili na mashahidi, ikathibitisha mashtaka matano kati ya kumi na moja. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya matokeo. Mimi nataja mgawanyo wa kazi tu: nyumba moja ilishtaki, ya pili ikapima.

Sasa nije kwenye fedha, ambako ndiko tunakoumia.

Kuna migao miwili, na wananchi wengi huichanganya. Wa kwanza ni Mswada wa Ugavi wa Mapato, unaosema serikali kuu ichukue kiasi gani na kaunti zote kwa pamoja kiasi gani. Huo hupita kwenye nyumba zote mbili, na zikitofautiana, Kifungu cha 113 kinataka kamati ya upatanisho yenye idadi sawa ya wajumbe kutoka kila upande. Kamati hiyo ina siku 30. Isipoafikiana, mswada umekufa. Wa pili ni ule unaoligawa fungu la kaunti baina ya kaunti 47, na hapo Seneti ina nguvu zaidi, kwa kuwa Bunge la Taifa haliwezi kuubadilisha wala kuukataa isipokuwa kwa thuluthi mbili ya wabunge. Kwa lugha ya jikoni, nyumba zote mbili hukubaliana juu ya ukubwa wa sinia, na Seneti ndiyo hupakua.

Nimefuatilia ukubwa wa sinia hilo kwa miaka kadhaa. Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuanguka, Bunge la Taifa lilitaka kaunti zipunguziwe hadi shilingi bilioni 380, Seneti ikashikilia bilioni 400.1, na upatanisho ukatoa bilioni 387.4. Mwaka 2025 Bunge la Taifa lilisema bilioni 405.1, Seneti ikasema bilioni 465, na upatanisho ukatoa bilioni 415. Tazameni jibu linaangukia wapi. Mara zote mbili limeangukia karibu na Bunge la Taifa, na mwaka 2025 umbali wake kutoka kwa Seneti ulikuwa mara tano ya umbali wake kutoka upande wa pili. Sidhani kwamba wajumbe wa Seneti walikuwa wavivu wa kujadiliana. Naona sababu ni kwamba katika mvutano wowote anayeweza kungoja ndiye anayepata. Mswada ukikwama, serikali kuu ina njia za kuendelea kutumia fedha zilizoidhinishwa na Bunge la Taifa, lakini kaunti hubaki zikingojea mgao wao. Kila siku inayopita baada ya Julai mosi humwelemea mjumbe wa Seneti zaidi kuliko mwenzake waliyeketi naye meza moja.

Naijua siku hiyo kwa jina. Mwaka 2019 mvutano wa nyumba mbili uliendelea hadi Septemba ndipo bilioni 316.5 zikakubaliwa. Mwaka uliofuata maseneta wenyewe hawakuafikiana juu ya mfumo wa kugawana, wakashindwa mara nyingi hadi Septemba 2020, kaunti kadhaa za Pwani na za Kaskazini zikihofia kupunguziwa; mwishowe wakakubaliana kwamba mfumo mpya usianze kutumika mpaka fungu la kaunti lipande hadi bilioni 370, ili pasiwe na kaunti ya kupata chini ya ilichokuwa nacho. Nawapongeza kwa uamuzi ule. Lakini Agosti ya mwaka ule mjukuu wangu alishikwa na homa usiku, nikampeleka kwenye zahanati ya kijijini, na muuguzi, mtu mwema aliyekuwa amechoka, akanifungulia kabati nione mwenyewe rafu zilivyokuwa tupu. Aliniambia dawa zinangojea fedha na fedha zinangojea Nairobi. Tukachangishana mafuta, tukavuka usiku ule kwenda Amu, maji yakiwa yametoka na chombo kikikwaruza mchanga kila tulipokaribia mikoko. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Mie tangu usiku ule siwezi kusoma habari ya kamati ya upatanisho kama habari ya siasa.

Liko jambo jingine ambalo halizungumzwi sana, na ambalo naona ni zito kuliko malumbano yote ya bilioni hizi. Kifungu cha 203 kinasema kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kipimo chake ni hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Zingatieni maneno hayo ya mwisho. Seneti haihusiki katika kuidhinisha hesabu hizo. Mgao wa mwaka wa fedha wa 2024/25 ulipimwa kwa hesabu za 2020/21, mapato ya wakati nchi ilipokuwa bado ikiugulia janga la corona. Kila mwaka Bunge la Taifa linapochelewa kupitisha ripoti za Mkaguzi Mkuu, sakafu ambayo Katiba ilizijengea kaunti hubaki chini huku bei za vitu zikipanda. Najua serikali husema kwamba kinachotolewa kimekuwa zaidi ya asilimia 20 ya hesabu hizo, na ni kweli. Lakini asilimia kubwa ya hesabu iliyochakaa inaweza kuwa fungu dogo la mapato ya leo. Mheshimiwa Wetang'ula, jambo hili liko ndani ya nyumba yako, halihitaji mahakama wala kura ya maoni. Linahitaji kamati ya uhasibu ipewe muda na watu, na ripoti zifike ukumbini.

Kisha kuna Kifungu cha 110, fungu la tatu, ule ufunguo wenyewe niliousema mwanzoni. Kinataka kwamba kabla ya nyumba yoyote kuanza kuujadili mswada, nyinyi wawili muwe mmekata shauri kwa pamoja kama unahusu kaunti au la. Maneno machache mno kwa uzito walioubeba. Mwaka 2013, katika mwaka wa kwanza kabisa wa ugatuzi, Mswada wa Ugavi wa Mapato ulipelekwa kwa Rais bila mabadiliko ya Seneti kuzingatiwa, ikabidi Seneti iombe ushauri wa Mahakama ya Juu, nayo Novemba mosi mwaka ule ikasema kwamba Seneti ina nafasi yake katika mswada huo na kwamba Maspika walipaswa kushauriana. Miaka saba baadaye tulikuwa pale pale: Oktoba 29, 2020 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 zilizopitishwa bila Seneti, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi huo kwa sehemu kubwa. Nina heshima kwa majaji wote waliohusika. Ninachosikitikia ni kwamba swali ambalo watu wawili wanaweza kulimaliza kwa barua lilizunguka mahakamani mwaka baada ya mwaka, na wakati wote huo mwananchi hakujua sheria inayomwongoza ina uhai au haina.

Kwa Lamu swali hili liko mlangoni petu. Jedwali la Nne la Katiba linaziachia kaunti uvuvi, vivuko na bandari, isipokuwa usimamizi wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa, ambao ni wa serikali kuu. Je, mswada unaogusa Bandari ya Lamu unahusu kaunti? Ukiutazama kutoka upande wa meli, utasema hauhusu. Ukiutazama kutoka upande wa mvuvi wa Matondoni au wa Pate aliyefungiwa mkondo wake na uchimbaji wa bandari huko Kililana, utasema hauna jambo jingine unalolihusu zaidi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na ikasema pia kwamba serikali ya kaunti ilipaswa kushirikishwa. Ningependa swali kama hilo liulizwe mapema, katika ofisi zenu, kabla watu hawajapoteza madema yao.

Mheshimiwa Kingi, nisionekane namwelemea mwenzako peke yake. Wewe ni mwana wa Pwani, ulikuwa Mbunge wa Magarini na ukaiongoza Kilifi kwa mihula miwili, kwa hiyo hayo niliyoyasema ya muuguzi na kabati tupu huhitaji kuelezwa. Seneti yako nayo ina deni kwetu. Kufuatilia fedha za kaunti ni kazi yake halali, na magavana wengine wamestahili kuulizwa maswali magumu kuliko waliyoulizwa. Lakini vikao vingi vimekuwa vya kumfokea gavana mbele ya kamera, na sisi wa visiwani hatuoni daftari likifuatwa baada ya kamera kuzimwa. Ningefurahi maseneta wakija Mokowe, wakavuka hadi Faza, wakaketi na kamati ya zahanati wakiwa na karatasi ya mgao mkononi, wakauliza shilingi hii ilifika au haikufika.

Na lugha. Kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Miswada inayotujia kwa maoni huja kwa Kiingereza, mara nyingi ikiwa imebaki siku chache tu. Wazee wetu wanaojua majira ya kusi na kaskazi, wanaolijua kila fungu la mchanga na kila mkondo, huombwa watoe maoni juu ya karatasi wasiyoweza kuisoma, katika nchi ambayo lugha yao imetajwa ndani ya Katiba.

Wako wanaosema dawa ya haya yote ni kuwa na nyumba moja, kama walivyo majirani zetu Tanzania na Uganda. Nahodha wengi, wanasema, chombo huenda mrama. Nawasihi wakumbuke kwamba tulikwisha kulijaribu hilo. Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa na Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi, na Lamu ilikuwa na wake. Spika wake alikuwa mtu wa Pwani, Muinga Chokwe, na aliyeupigania sana mfumo wa majimbo uliokuwa nyuma yake alikuwa Ronald Ngala. Mwishoni mwa 1966 Seneti ile ilivunjwa kwa kura za maseneta wenyewe, yakaundwa maeneo bunge mapya 41 ili wasikose viti, na idadi ya maeneo ikapanda kutoka 117 hadi 158. Kila seneta alipata pa kuketi. Wilaya zao hazikupata kitu badala ya kile zilichopoteza, na kwa zaidi ya miaka 40 Lamu ilikuwa ikingojea kukumbukwa na bajeti iliyoandikwa mbali. Katiba hii ilipokuja kuunda Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya maeneo yaliyoachwa nyuma, Lamu ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 za kwanza kutajwa. Siamini kwamba mambo hayo mawili hayahusiani.

Basi maombi yangu ni haya, na yote yamo ndani ya uwezo wenu bila ya kugusa Katiba. Kila mswada utakaosomwa mara ya kwanza katika nyumba yoyote uandamane na barua yenye saini zenu mbili, ikisema unahusu kaunti au hauhusu na kwa sababu gani, na barua hiyo ichapishwe kwa Kiswahili na Kiingereza. Mswada wa Ugavi wa Mapato ufikishwe kwenye upatanisho, ikiwa upatanisho utahitajika, kabla ya mwisho wa Aprili, ili siku zote 30 ziishe kabla ya Julai na pasiwe na upande unaojadiliana huku wagonjwa wake wakingoja. Vikao vya kamati hiyo viwe wazi, na kila upande uandike hesabu iliyoufanya ukubali au ukatae. Ripoti za ukaguzi zipitishwe mpaka tufike mahali ambapo mgao wa mwaka unapimwa kwa hesabu za mwaka uliotangulia au ule wa kabla yake.

Muhula wa shule ukifunguliwa, nimeombwa na walimu wa hapa Faza nikazungumze na wanafunzi juu ya Bunge. Nitayachora masanduku yale mawili kama nilivyozoea. Iwapo barua ya kwanza yenye saini zenu mbili itakuwa imetoka, naomba nakala yake, nikaibandike ubaoni katikati ya masanduku hayo.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu mstaafu,
Faza, Lamu Mashariki.